Soma, Hesabu, Vaa: Tujikinge na Maji na Baridi Yake

(Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Marambo)





Leo nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa mtu anayesafiri majini. Najua wengine mtajiuliza: "Sisi ni wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Bahari iko mbali. Majaketi ya kuokolea yanatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Nitaanza nalo.

Kwanza, tunayo mito. Mto Mbwemkuru unapita kaskazini mwa wilaya zetu kwenda kumwaga maji baharini, kati ya Kilwa na Lindi. Wakati wa kiangazi sehemu zake nyingi ni mchanga mtupu. Mvua zikinyesha, mto huohuo unakuwa mwingine kabisa. Januari 2020 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba katika Mkoa wetu wa Lindi, hasa Wilaya ya Kilwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba maji hayatujui.

Pili, tunasafiri. Anayekwenda Lindi huenda akavuka kwenda Kitunda. Anayekwenda Kilwa Masoko huenda akapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani au Songo Songo. Vijana wetu wanafuata samaki na dagaa pwani. Wengine wanakwenda Unguja kutafuta kazi, wengine wanafika mpaka Mwanza. Mtu aliyezaliwa pwani amekua akiyaona maji na hatari zake. Sisi wa bara tunapanda chombo kama tunavyopanda basi. Tunatafuta nafasi, tunaweka mzigo, tunakaa, basi. Huo ndio ugeni wenyewe, na mgeni ndiye anayehitaji kufundishwa zaidi.

Tatu, ninyi mmehitimu kisomo. Mnajua kusoma na kuhesabu. Leo nataka kuwaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kumwokoa mtu asife maji.

MAJI YANANYONYA JOTO

Watu wengi wanafikiri kwamba maji yanaua kwa njia moja tu, yaani mtu akiyameza na kukosa pumzi. Hiyo ni kweli, lakini kuna njia nyingine ambayo haionekani upesi. Maji yanaondoa joto la mwili.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Wekeni ndoo ya maji nje usiku kucha. Alfajiri, nyosha mkono mmoja hewani, na mkono mwingine uutie ndani ya ndoo. Maji na hewa vimelala pamoja nje, na baridi yake inakaribiana. Lakini mkono ulio majini utaumwa na baridi, na ule wa hewani utavumilia. Kwa nini? Kwa sababu maji yanachukua joto la mwili haraka kuliko hewa. Wataalamu wanasema ni kiasi cha mara 25 zaidi.

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la nyuzi 37 hivi. Joto hilo linatokana na chakula tunachokula. Moyo, ubongo na mapafu vinafanya kazi vizuri vikiwa katika joto hilo. Likishuka chini ya nyuzi 35, mwili umeanza kupoa kupita kiasi, na hiyo ni hatari.

Mtu mwingine atasema: "Hiyo ni habari ya Ulaya kwenye barafu. Maji yetu ni ya vuguvugu." Ni kweli kwamba maji ya kwetu si ya barafu. Maji ya bahari yetu na ya Ziwa Victoria huwa kati ya nyuzi 23 na 30 hivi. Lakini fanyeni hesabu. Mwili una nyuzi 37. Maji yana nyuzi 25. Tofauti ni 12. Basi maji hayo ni baridi kuliko mwili, na yataendelea kunyonya joto lake saa baada ya saa. Hayaui kwa dakika chache kama maji ya barafu. Yanaua polepole, kwa kumchosha mtu. Na kama ni usiku, kuna upepo wa kusi, kuna mvua, na nguo zimelowa, kazi hiyo inakwenda mbio. Mtoto anapoa upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo. Mzee na mtu mwembamba nao wanapoa upesi.

DALILI ZA MTU ALIYEPOA

Zijueni dalili hizi, maana zinaweza kumpata hata mtu aliyenyeshewa usiku kucha shambani, si msafiri wa majini peke yake.

Mwanzo mtu anatetemeka. Meno yanagongana. Kutetemeka huko ni dawa ya mwili wenyewe. Misuli inachezacheza ili itoe joto.

Kisha vidole vinakufa ganzi. Hawezi kufunga kifungo wala kushika kamba. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, maana mkono ndio unaoshikilia ubao.

Halafu ulimi unakuwa mzito. Anasema maneno yasiyoeleweka. Akitembea anapepesuka. Watu wanaweza kumdhania amelewa.

Mwisho anaacha kutetemeka. Hapa, ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Mtu ambaye bado ana baridi, lakini ameacha kutetemeka na anataka kulala, hajapona. Amezidiwa. Mwili umeishiwa nguvu ya kujitetea. Anahitaji msaada mara moja.

YALIYOTOKEA KATIKA NCHI YETU

Tanzania imepata misiba mikubwa ya majini. Nitataja mitatu, ili tupate funzo katika kila mmoja.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Taifa zima lililia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na watu wengine wengi mno hawakuonekana tena. Lakini watu zaidi ya 600 waliokolewa. Wengi wao walielea gizani kwa saa nyingi wakiwa wameng'ang'ania magodoro, mbao na kitu chochote kilichoelea.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kivuko kilikuwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, na watu wa nchi kavu walikuwa wanakiona.

Tunajifunza nini? MV Bukoba na MV Nyerere zinatufundisha kwamba namba iliyoandikwa kwenye chombo si pambo. Spice Islander inatufundisha kwamba mtu aliyepata kitu cha kumwelesha anaweza kuiona asubuhi. Na Ukara inatufundisha kwamba kuwa karibu na nchi kavu si usalama. Maji hayapimwi kwa macho.

Tuna usemi wetu kwamba ajali haina kinga. Mimi nawaomba tuuangalie upya usemi huo. Dhoruba haina kinga, sawa. Lakini kujaza watu 200 mahali pa watu 101 si dhoruba. Hilo ni jambo la watu, na watu wanaweza kulizuia.

JAKETI LINAFANYA KAZI GANI?

Jaketi la kuokolea ni kizibao kilichojazwa kitu chepesi kinachoelea. Wengine wanaliita boya. Siku hizi ndani huwa na povu la kiwandani linalofanana na sponji, lakini halinyonyi maji. Zamani yalijazwa vitu tunavyovijua. Mengine yalijazwa magome mepesi ya mti, na mengine yalijazwa sufi. Ndiyo, sufi hiihii ya msufi ambayo watu wanatia ndani ya mito ya kulalia. Kwa hiyo jaketi si uchawi wa wageni. Ni maarifa ya kutumia kitu chepesi.

Mtu atauliza: "Kizibao kidogo kama hicho kitaniinuaje mimi mwenye kilo 70?" Jibu ni hili. Mtu akiwa majini, maji yenyewe yanabeba karibu uzito wake wote. Kinachopungua ni kidogo tu. Ili kichwa kikae juu, mtu mzima anahitaji kuinuliwa kama kwa uzito wa kilo 5 hivi. Jaketi zuri la mtu mzima linainua kilo 10 na zaidi. Hesabu inatosha, tena inabaki.

Basi jaketi linafanya mambo manne:

1. Linaweka pua na mdomo juu ya maji hata mikono ikichoka au ikifa ganzi.

2. Linakuondolea haja ya kutapatapa. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Lakini kutapatapa kunamaliza nguvu na kunatoa joto mwilini. Mwenye jaketi anaweza kutulia.

3. Linafunika kifua, kwa hiyo linapunguza kidogo upotevu wa joto.

4. Rangi yake ya machungwa inaonekana kwa mbali, na majaketi mengi yana filimbi ya kuitia msaada.

Lakini nisiwadanganye. Jaketi linaelesha. Halipashi mwili moto kama jiko. Tarehe 15 Aprili 1912 meli kubwa ya Titanic ilizama katika bahari yenye barafu, na watu zaidi ya 1,500 walikufa. Wengi wao walikuwa wamevaa majaketi na walielea vizuri. Baridi ndiyo iliyowaua, kwa sababu mashua za kuokolea hazikutosha na msaada ulichelewa. Maji yetu hayana baridi ya namna ile, na hiyo ni bahati yetu. Huku kwetu aliyevaa jaketi amenunua muda mrefu wa kungoja msaada. Asiyevaa hana muda huo.

"MIMI NAJUA KUOGELEA"

Maneno haya yanasemwa sana na vijana wa kiume. Kujua kuogelea ni jambo jema, na ningependa watoto wetu wote wafundishwe. Lakini fikirini. Anayeogelea mtoni mchana, akiwa amevua shati, maji yametulia na wenzake wako ukingoni, anacheza. Chombo kikipinduka mambo ni mengine. Huenda umegongwa kichwa na ubao. Huenda ni usiku. Huenda umevaa suruali nzito na mabuti. Huenda mtu mwingine amekukamata shingoni kwa hofu. Na baridi ikishafika kwenye misuli, ufundi wa kuogelea unaondoka, kwa sababu mikono haitii tena.

Wengine wanasema: "Nitaliweka karibu, hatari ikija nitavaa." Hapana. Chombo kidogo kinapinduka kwa muda wa kupiga chafya moja. Hakuna nafasi ya kutafuta jaketi, kuligeuza na kufunga mikanda. Nani anaanza kufunga mlango mwizi akiwa tayari ndani? Jaketi unalolikalia kama mto halitakuokoa.

SOMA, HESABU, VAA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kupanda chombo chochote, fanya mambo matatu.

La kwanza, SOMA. Tafuta ubavuni mwa chombo maandishi yanayoonyesha idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Soma pia jaketi lenyewe. Mara nyingi huandikwa ndani uzito wa mtu anayefaa kulivaa, kwa mfano "kilo 40 na zaidi". Jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni hatari, maana mtoto anachomoka kwa chini. Pia sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Wakisema kuna upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha safari. Ukifika kesho utakuwa umefika.

La pili, HESABU. Hesabu watu waliomo, pamoja na watoto. Mtoto aliyepakatwa naye ni mtu. Kisha hesabu majaketi. Una namba tatu sasa: wanaoruhusiwa, waliopanda, na majaketi. Kama waliopanda ni wengi kuliko wanaoruhusiwa, usipande. Kama majaketi ni machache kuliko watu, usipande. Na kama chombo hakina namba yoyote iliyoandikwa, muulize nahodha mbele ya abiria wenzako. Akikasirika, jibu umelipata.

La tatu, VAA. Vaa ukiwa nchi kavu, kabla mguu haujaingia chomboni. Funga mikanda yote. Kisha mwambie mwenzako ashike jaketi mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, halijabana. Kaza tena. Usilivue mpaka umeshuka.

Najua linaloumiza hapa. Mtu ameuza korosho, amefunga safari, jua linazama, na chombo kilichopo ni kimoja tu. Nahodha ana majaketi mawili, watu ni kumi na wawili. Ukikataa kupanda utalala njiani na fedha ya kulala huna. Hilo ni jambo gumu, silipuuzi. Lakini mtu mmoja akikataa, anaonekana mkorofi. Watu kumi wakikataa pamoja, nahodha ataona kwamba majaketi ni biashara. Sheria yetu inamtaka mwenye chombo awe na vifaa vya kuokolea vya kuwatosha aliowapakia, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Kwa hiyo anayedai jaketi haombi hisani. Anadai haki yake.

Tena vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaweza kusaidia. Vikundi vinanunua sufuria za harusi na viti vya misiba, na watu wanaazimana. Kikundi chenye wanachama wanaovuka mto kila wiki kinaweza kununua majaketi kidogo kidogo, ya wakubwa na ya watoto, na kuyatunza pamoja. Yakitumika, yaoshwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini. Jua kali linaozesha kitambaa. Panya wanatoboa. Na mara moja kwa mwaka yajaribiwe kwenye maji ya kifuani, watu wakiwa ukingoni na kamba mkononi. Lililochanika au linalozama litupwe.

Mahali ambapo majaketi hayapo kabisa, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara linaelea kwa nguvu na linaweza kumshikiza mtu. Lakini dumu si jaketi. Linashikwa kwa mkono, na mkono unachoka na kufa ganzi. Lihesabuni kuwa msaada wa dharura, msilifanye sababu ya kuacha kununua majaketi.

KWA AKINA MAMA

Mama mwenye mtoto mgongoni, ukipanda mtumbwi mfungue mtoto, umpakate mbele. Chombo kikipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni anaweza kubaki chini ya maji wewe ukiwa juu, na fundo lililolowa halifunguki upesi. Mtoto avae jaketi lake mwenyewe, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kanga ndefu ikazwe juu isije ikazonga miguu.

CHOMBO KIKIPINDUKA

1. Usiache chombo. Mtumbwi wa mti huelea hata ukipinduka. Ung'ang'anie, au panda juu yake. Sehemu ya mwili iliyo nje ya maji haipoi upesi kama iliyomo ndani. Tena waokoaji wanaona mtumbwi kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

2. Usianze kuogelea kwenda nchi kavu, isipokuwa ni karibu sana na huna njia nyingine. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo.

3. Usivue nguo. Nguo zilizolowa zinazuia kidogo maji ya baridi yasipite mwilini kila mara. Vua mabuti tu, maana yanakuvuta chini.

4. Kama umevaa jaketi na uko peke yako, jikunje. Kusanya magoti kifuani, banisha mikono ubavuni. Joto linatoka sana kifuani, kwapani na kwenye kinena. Ziba hapo.

5. Mkiwa wengi, kumbatianeni kwa duara, vifua vikielekeana, watoto katikati. Pigeni filimbi kwa zamu.

UKIMWONA MTU ANAZAMA

Usijitupe majini kwa ushujaa. Anayezama atakukamata, na mtakufa wawili. Mnyooshee mti mrefu ukiwa umelala chini ukingoni. Kama hafikiwi, mtupie kamba yenye dumu tupu mwishoni. Piga kelele watu waje. Anayeingia majini aingie na jaketi au mtumbwi.

Na mto uliofurika usiuvuke kwa miguu. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu akitolewa majini, mwangalieni kwanza kama anapumua.

Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni mpaka kifua kiinuke. Kisha weka viganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka mara 30. Mpulizie pumzi 2. Endelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au mganga afike. Msimning'inize kichwa chini. Msimkamue tumbo. Kufanya hivyo kunapoteza wakati na kunaweza kumletea matapishi kooni.

Kama anapumua lakini amepoa, fanyeni hivi:

Mpelekeni mahali pasipo na upepo. Mlazeni. Msimlazimishe kutembea. Mvueni nguo zilizolowa, taratibu, mkaushe mwili. Mfunikeni blanketi kavu, kanga au majamvi, na kichwa pia. Mtu mwenye joto anaweza kulala naye chini ya blanketi moja, kifua kwa kifua. Kama ana akili timamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi, au uji.

Na haya msiyafanye:

Msimsugue mikono na miguu. Damu ya baridi iliyoko huko ikirudi moyoni ghafla inaweza kumdhuru.

Msimweke karibu sana na moto. Ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila yeye kujua.

Msimpe gongo wala pombe yoyote. Watu wanasema pombe inapasha mwili. Inadanganya. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, mtu anasikia joto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Kwa sababu hiyohiyo msafiri asinywe kabla ya kupanda, na nahodha aliyekunywa asifuatwe.

Baada ya hapo mpelekeni zahanati, hata kama anasema amepona. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida saa chache baadaye.

MWISHO

Ndugu wahitimu, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka 2021 watu kiasi cha 300,000 walikufa maji duniani. Vifo vingi vya namna hii vinatokea katika nchi kama zetu, na watoto wadogo wako hatarini zaidi. Mwaka huohuo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya majini. Tarehe hiyo kwetu ni katikati ya kipupwe. Ni siku nzuri ya kujaribu majaketi ya kikundi.

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika vijijini katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana katika kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusikiliza. Walitoka hapo wakachimba vyoo. Mimi nami sikuja hapa mnipigie makofi. Atakayetoka hapa leo, na kesho kutwa akasimama mbele ya chombo huko Lindi au Kilwa, akasoma namba, akahesabu watu, kisha akasema "Naomba jaketi langu", huyo ndiye atakayekuwa amenisikia.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini mkono ulio ndani ya ndoo unasikia baridi kuliko mkono ulio hewani?

2. Chombo kimeandikwa "Abiria 12". Ndani kuna watu wazima 11 na watoto 4 waliopakatwa. Majaketi ni 10. Watu wamezidi wangapi? Majaketi yamepungua mangapi kwa watu waliomo?

3. Mtu aliyetolewa majini ameacha kutetemeka na anataka kulala. Je, amepona? Mtamfanyia nini?

4. Katika kijiji chetu ni akina nani wanaovuka maji mara kwa mara, na wanavuka wapi? Wana vifaa gani?

5. Kikundi chetu kikiweka akiba kila juma, tutaweza kununua jaketi la kwanza lini? Liwe la mkubwa au la mtoto? Kwa nini?